Fundi wa Rafadha

Mtu akisema "peleka kwa Fundi" pale Ufukoni, Mtwara, hakuna aliyeuliza fundi yupi. Mafundi tulikuwa wengi katika ule mstari wa mabanda ya bati: wa redio, wa baiskeli, wa viatu, na mimi wa cherehani, niliyepakana naye ukuta kwa ukuta. Lakini jina lilikuwa lake peke yake. Hata wateja wangu, wakimwelekeza mtu, walisema, "Yule mama mshonaji, ubavuni kwa Fundi." Nilizoea. Yeye aliniita "fundi mwenzangu", mbele ya watu na bila utani, tangu wiki niliyohamia pale.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza kile chuma chenye mabawa kinachozunguka chini ya mashine ya boti na kuisukuma majini. Sisi sote tulikiita propela. Yeye alisema rafadha. Ukimwambia, "Fundi, propela yangu imepinda," alikujibu, "Rafadha imepindia wapi?" kama mtu anayemkumbusha mtoto salamu aliyoisahau. Vijana walimcheka, kisha nao wakawa wanasema rafadha wakiwa mbele yake, na wakitoka nje wanarudi kwenye propela yao.

Kabla ya kuigusa kwa nyundo aliisikiliza. Aliifunga waya, akaining'iniza kwenye boriti, halafu akaniambia kupitia bati, "Fundi mwenzangu, nisaidie kidogo." Maana yake niondoe mguu kwenye pedali. Mtaa mzima ulikuwa na kelele za bodaboda, za muziki, za wauza samaki wanaonadi, lakini iliyomsumbua ilikuwa yangu tu kwa kuwa ndiyo iliyokuwa sikioni pake. Nikitulia, aligonga kila bawa kwa spana ndogo, shingo ameilaza upande, macho ameyafumba. Rafadha nzima ililia kwa muda mrefu kama kengele ya shule. Yenye ufa ilitoa mlio mfupi, mkavu, kama sufuria iliyopasuka. Hapo alifungua macho na kutoa hukumu, na hukumu zake zilikuwa mbili: "Imeumia," au "Imekufa."

Iliyoumia aliipasha moto taratibu, akaigonga kwa nyundo ya mti juu ya kipande cha reli ya zamani, akaifananisha bawa kwa bawa, akaisugua kwa tupa mpaka vidole vikapita bila kukwama. Iliyokufa aliirudisha kwenye gunia la mwenyewe na kumwonyesha njia.

Kupamba maneno hakujua. Nakumbuka mvuvi mmoja wa Mikindani aliyefika na rafadha iliyong'oka nyama upande mmoja.

"Imegusa mchanga kidogo, Fundi."

"Mchanga gani huo unaong'ata?"

"Basi labda na jiwe."

"Jiwe la wapi?"

"Fundi, wewe nitengenezee tu."

"Mimi simtibu mtu anayenificha alipoangukia."

Wakabishana hivyo hadi yule mvuvi akakiri kwamba alisinzia na mkono uko kwenye mashine, akaamka yuko juu ya mwamba. Fundi hakumcheka. Alimpa kigoda, akamwagizia chai kwa mama ntilie, akaanza kazi. Alichotaka ni kuambiwa ukweli, hakutaka kumwaibisha mtu. Wengi waliomwogopa hawakuijua tofauti hiyo.

Kitu kilichomtoa katika utulivu wake ni msumari. Mashine ndogo za boti zina pini laini inayoshika rafadha, imewekwa ili rafadha ikigonga kitu pini ikatike, mashine ipone. Wavuvi wakikosa pini huko baharini huweka msumari wa nyumba, na wakifika salama huusahau. Siku ya kugonga, msumari haukatiki, kinachokatika ni vyuma vya ndani. Fundi akiukuta msumari aliushika kwa koleo, akautoa nje juani ili kila mtu auone, akasema kwa sauti ambayo hakuitumia kwa jambo lingine lolote, "Kilichowekwa kivunjike, kiacheni kivunjike!" Nami ndani ya banda langu niliacha kushona nikacheka peke yangu.

Alikuwa mtu wa kupiga chuma asiyevumilia kelele. Alikuwa mtu wa msikitini ambaye alichelewa karibu kila swala, kwa sababu alisugua mikono kwa sabuni ya unga na mchanga mpaka ikawa myekundu, na bado alisimama safu ya nyuma kabisa kwa aibu ya weusi uliobaki kwenye kucha. Suruali zake zote zilitobolewa na cheche. Aliniletea kwa zamu, na nilipomrudishia alikivuta kile kiraka kwa vidole viwili, akakikagua, akasema, "Haya, hii iliumia tu." Hakusema asante, wala hakupenda kuambiwa. Ukimshukuru aliangalia pembeni na kuanza kutafuta tupa ambayo alikuwa ameishika.

Halafu aliogopa maji. Mtu aliyetumia maisha yake kutengeneza kitu kinachoendesha maboti hakuwahi, kwa jinsi nilivyomjua, kuweka mguu ndani ya boti. Sikukuu watu wakivuka kwenda Msanga Mkuu kutembea, yeye aliwasindikiza hadi mchanga unapoanza kulowa, akasimama. Nilimuuliza mara moja kwa nini.

"Wewe unaziona zikienda," aliniambia. "Mimi huletewa zikishavunjika."

Rafiki yake mkubwa alikuwa mwenye duka la vipuri kule Mikindani, Mhindi wa makamo ambaye familia yake ilikuwa na duka hilo tangu enzi za babu zao. Walipendana kwa kugombana. Yule bwana alikuja mwenyewe na pikipiki yake kuleta vile vipande vya mpira vinavyokaa katikati ya rafadha, na Fundi alivibonyeza kimoja kimoja kwa kidole gumba kama mtu anayechagua maembe.

"Hii ngumu."

"Mpya hiyo, Fundi. Jana imetoka kwenye boksi."

"Mpya na ngumu."

"Wewe hata pepo utaibonyeza kwanza uone kama laini."

Wakacheka wote wawili, na chai ikaagizwa.

Mke wa Fundi alikwishafariki kabla sijahamia pale. Alikuwa mwenyeji wa Mpapura, na kilichobaki kwake ni shamba la mikorosho alilowaachia, na binti mmoja. Binti huyo alikulia katika mlio wa nyundo. Fundi aliniambia kwamba alipokuwa mchanga alilala vizuri baba yake akipiga chuma, na akaamka kulia baba akipumzika. Mimi aliniita shangazi, kwa kuwa alisema mtu anayeishi ukuta mmoja na baba yake hawezi kuwa mtu baki. Nilimfundisha kupima na kukata, na mavazi yake ya harusi nilimshonea mimi.

Aliolewa na nahodha. Ndivyo ilivyokuwa: mzee aliyeogopa bahari akapata mkwe wa baharini. Kijana alikuwa na boti ya fiba, alibeba abiria na mizigo kati ya Mtwara na vijiji vya kule mlango wa Ruvuma, kwenye mikoko, ambako masika barabara huliwa na maji. Siku alipokuja na wazee wake kuposa, Fundi alimuuliza swali moja tu.

"Kazi nyingine hukuiona?"

"Niliziona, mzee. Hazikunipenda."

Fundi akacheka, na kwa kucheka kule posa ikawa imekwisha. Baadaye yule kijana akawa mtu pekee aliyeweza kumchekesha kila siku. Alikuwa na kipaji cha kuigiza mashine kwa mdomo. Alikaa juu ya kreti, akatoa sauti ya mashine inayokohoa, inayokosa mafuta, inayozunguka bila kushika, na Fundi akiwa amempa mgongo alitaja ugonjwa. Akikosea, kijana alipiga makofi. Nilisitisha kushona nikiwasikiliza, na binti akiwa amekuja na chakula aliegemea mlango akisema, "Mnaona raha watu wazima wawili!" Mtoto wao wa kwanza alikuwa akitambaa chini, wa pili yuko mgongoni.

Masika ile mvua ilikuwa kubwa. Mto ulifurika ukashusha miti mizima kutoka bara, na magogo yakawa yanaelea mlangoni pale mto unapokutana na bahari, mengine yamezama nusu usiyaone. Mkwe alikuwa akirudi bila abiria, yeye na baharia wake, akagonga. Walifika Mtwara kwa kuvuta makasia. Asubuhi alikuja na rafadha ndani ya gunia.

Bawa moja lilikuwa limevunjika ncha, lakini si hilo lililokuwa tatizo. Fundi aliining'iniza, akanifahamisha, nikaondoa mguu. Aligonga. Hata mimi niliyekuwa upande wa pili wa bati nilisikia ule mlio mkavu. Ufa ulikuwa kwenye shina la bawa, pale linapoungana na kiini.

"Imekufa," alisema.

Kijana hakubisha. Walimpigia simu mwenye duka wa Mikindani. Rafadha ya aina ile hakuwa nayo, akaagiza Dar es Salaam siku hiyo hiyo. Lakini barabara ya Dar ilikuwa imekatika kwa mvua, mabasi yamelala njiani, na hakuna aliyejua yangefika lini. Wakatafuta ya kuazima. Za mashine nyingine hazikuingia kwenye shafti yake. Wenye maboti makubwa walikuwa wameyapandisha mchangani, na ukiwatajia mlango wa Ruvuma mwezi ule walitikisa kichwa kabla hujamaliza.

Yangeishia hapo, kijana angesubiri kama wenzake, kama simu isingepigwa kutoka kijijini kwao. Mama yake, ambaye alikuwa akiishi huko mikokoni, alikuwa ameshikwa na kifua. Hakuweza kulala chini, alikaa usiku kucha ameegemea ukuta akivuta pumzi. Kijiji kilikuwa kimezungukwa na maji, gari haliingii. Mtu wa kumtoa alitakiwa aende kwa boti.

Mkwe alirudi kwa Fundi. Nilimsikia akisema, "Baba, ichomelee tu inifikishe."

"Alumini ikipasuka hapo haishiki. Nikichomelea nitakuwa nimekufungia jeraha kwa karatasi."

"Nitakwenda polepole."

"Hapana."

Kijana hakuinua sauti. Aliondoka akiliacha gunia palepale. Fundi akakaa. Hakupiga chuma. Mimi nilikuwa nashona sare za shule, na mshono ukanipotea nikafumua.

Kisha binti akaja, na mtoto mgongoni. Aliingia moja kwa moja kwa baba yake, akapiga magoti kwenye sakafu ile ya unga wa chuma na vipande vyenye makali. Milango ya mabanda yetu ilitazama upande mmoja, lake likiwa wazi mbele, na mimi nilikuwa nimesimama kwenye wangu, kwa hiyo nilimwona.

"Baba, tunamsikia kwenye simu. Tunasikia anavyovuta pumzi. Nakuomba, Baba."

"Inuka, mwanangu."

"Siinuki."

"Inuka, utakatwa."

"Baba, akifa hali tulikuwa tunaangalia gunia, mume wangu nitamtazamaje?"

Alilia, na mtoto mgongoni akalia pia. Sijui walikaa hivyo kwa muda gani. Ninachojua ni kwamba nilisikia mtungi wa gesi ukifunguliwa, kisha moto ukawaka.

Alifanya kazi ile kama sijawahi kumwona akifanya nyingine. Aliukwangua ufa mpaka chini, akaujaza, akaufunika kwa majivu ili usipoe ghafla, akausugua, akaupiga tena moto. Jioni aliining'iniza na kuigonga. Mlio ulikuwa bora kuliko wa kwanza lakini haukuwa mzima. Mkwe alikuwa amesimama pale, naye aliusikia.

"Nenda nayo kama umembeba mgonjwa," Fundi alimwambia. "Ukihisi inatetemeka, zima. Usiifungulie kasi hata kidogo."

"Na mlangoni, Baba? Yale mawimbi hayapandwi bila kufungulia."

Fundi aliifungua rafadha kutoka kwenye waya. "Pita maji yakiwa yamejaa," alisema.

Waliondoka alfajiri, yeye na baharia wake. Kwenda kulikuwa kwema. Alimpata mama yake yu hai, wakamlaza juu ya godoro ndani ya boti na kumfunika turubai, wakasubiri maji yajae, wakageuka. Haya niliyapata kwa baharia, ambaye alirudi. Anasema walipofika mlangoni mto ulikuwa unasukuma nje na bahari inasukuma ndani, mawimbi yamesimama wima. Nahodha alikwenda taratibu hadi taratibu ikawa haiwezekani tena, boti ikaanza kuburutwa upande. Akafungulia. Mashine ikatetemeka kwa nguvu mara moja, kisha ikawa inalia tu bila kusukuma. Wimbi likawachukua ubavu, wakapinduka.

Yule kijana alimsukuma mama yake juu ya mgongo wa boti, akamwambia baharia amshike kwa nguo zake na asimwachie. Yeye mwenyewe alikuwa upande wa chini akiisukuma boti isigeuke tena. Wimbi lingine lilipopita, hakuwepo.

Wavuvi waliokuwa kwenye mikoko wakiwatazama waliingia na mitumbwi yao wakawatoa wale wawili. Mama alifikishwa hospitali siku ileile kwa boti ya mtu aliyejitolea baada ya kusikia habari. Akatibiwa, akapona. Mwanawe alionekana baadaye ng'ambo, upande wa Msumbiji. Watu wa huko walimwosha, wakamkafini, wakamvusha kumleta kwetu, wala hawakutujua.

Msibani Fundi alikaa kwenye mkeka wa wanaume, karibu na mlango. Mwenye duka wa Mikindani alifika amevaa kanzu, akakaa kando yake. Nilikuwa nikipitisha maji ya kunawa, nikasikia maneno waliyosemezana.

"Imefika?" Fundi alimuuliza.

Yule bwana alitazama chini. "Imefika asubuhi. Njia imefunguliwa."

"Irudishe."

"Nimekwisha irudisha, ndugu yangu."

Na yule mama, alipopata nguvu ya kutoka hospitali, alikuja kumpa pole. Hakuja kwa shari. Alikaa mbele ya Fundi, akashika mkono wake, akasema, "Laiti ungemkatalia. Ningekwenda mimi, niliyekwisha ona yangu yote." Kisha akambusu ule mkono. Nadhani angemtukana, Fundi angepumua vizuri zaidi.

Binti alikaa eda nyumbani kwa baba yake, na baada ya eda alibaki hapo na watoto. Waliishi nyumba moja wakisema habari za chumvi, za maji, za nani atampeleka mtoto zahanati. Zaidi ya hayo, kimya. Mchana alileta chakula kwenye banda, akakiweka juu ya kreti, akaondoka. Hakuegemea tena mlango. Mtaani walisema anamlaumu mzee, na wengine walisema ana haki. Nami niliamini kwamba anamlaumu. Fundi mwenyewe aliamini hivyo, maana nilipojaribu kumwambia azungumze na mwanawe alinijibu, "Nitamwambia nini ambacho kitamrudisha mtu?"

Aliendelea na kazi, lakini kwa namna iliyowatisha watu. Rafadha ikitoa mlio mkavu, hakuirudisha tena kwenye gunia. Aliiweka juu ya ile reli, akachukua nyundo kubwa ya chuma, akaivunja vipande mbele ya mwenyewe. Wengine walinyamaza kwa kumheshimu. Mvuvi mmoja wa Msimbati hakunyamaza. Alimshika Fundi kwenye kola.

"Umeniharibia mali yangu, mzee!"

"Ilikuwa imekufa."

"Imekufa au haikufa, ni yangu! Ningempelekea mwingine anichomelee."

"Ndiyo maana," alisema Fundi.

Tuliwaamulia. Mwenyekiti wa mtaa aliitwa, kikao kikakaa chini ya kibaraza cha ofisi yake. Alimuuliza Fundi kwa upole, "Mzee wetu, kwa nini usiwaambie tu kwamba hazifai?"

"Nilimwambia mmoja," alijibu.

Mvuvi mwenyewe ndiye aliyeinuka wa kwanza, akamwambia, "Nisamehe, mzee," akaenda zake.

Baada ya hapo wateja walipungua, na macho yake yakaanza kuingia ukungu. Siku moja nilikuta banda limefungwa kwa waya. Binti alikuja kuniaga. Walikuwa wanahamia Mpapura, kwenye mikorosho ya marehemu mama yake. Nilimkumbatia, akawa mgumu mikononi mwangu kama mtu aliyebeba kitu kichwani na anaogopa kumwaga.

Ilipita misimu kadhaa. Mara ya mwisho kumwona Fundi, nilikuwa nimekwenda Mpapura kupeleka sare za harusi ya mteja wangu. Ulikuwa wakati wa korosho, kila uwanja umeanikwa. Niliulizia, nikaonyeshwa nyumba ya udongo yenye bati jipya. Alikuwa amekaa barazani akichambua korosho kwenye ungo kwa kupapasa, mbovu huku, nzima huku. Alikuwa amekonda. Nilipopiga hodi hakuniona sawasawa, lakini sauti aliijua.

"Fundi mwenzangu!"

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Kaa, kaa. Cherehani haijambo?"

Tukaongea. Aliulizia mtaa mtu kwa mtu, akacheka niliposema banda lake sasa ni la kunyolea na muziki haukomi. Binti alitoka jikoni, akanisalimia vizuri, akaniletea chai na mihogo, akarudi ndani. Alikuwa akipita kwa baba yake kama mtu anayepita kando ya kisima.

Fundi alisubiri hatua zake ziishe. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nataka nikuulize wewe uliyekuwepo. Watu wananiambia kudra, kudra. Najua ni kudra. Lakini ungekuwa wewe, yule kijana ungemkatalia?"

Nilifikiri kabla ya kujibu, kwa kuwa nilimjua. "Nisingeweza," nilisema.

"Hata mimi. Nimejaribu kichwani mwangu mara nyingi kumkatalia. Kila nikijaribu, nawasha ule moto."

Hatukujua kwamba binti amerudi mlangoni. Alikuwa ameshika birika, ameegemea mwimo.

"Si wewe uliyeuwasha," alisema.

Baba yake aligeuza kichwa.

"Wewe ulikataa. Ulimkatalia na akaondoka. Mimi ndiye niliyekuja nikapiga magoti pale chini. Mimi ndiye niliyemtuma." Sauti yake haikupanda. "Nimekaa miaka yote hii nikikuona unaonyeshewa vidole kwa jambo langu, na nikashindwa kufungua mdomo. Kila nikikuwekea chakula nilitaka kusema, nikashindwa."

Nilimtazama Fundi. Kwenye uso ule uliokonda nilimwona akielewa, polepole, kwamba kimya alichokichukua miaka yote kama lawama hakikuwa lawama. Lakini alipozungumza ilikuwa sauti yake ya zamani, ile ya hukumu.

"Hukupiga magoti."

"Baba..."

"Hukupiga magoti. Ulikuja, ukasimama hapo mlangoni na mtoto mgongoni, hukusema neno. Mimi nilikuwa nimekwisha fungua gesi kabla hujafika. Nilikuwa nimekwisha kata shauri."

"Baba, mimi nakumbuka."

"Wewe ulikuwa na uchungu, hukumbuki vizuri. Muulize shangazi yako. Alikuwa mlangoni kwake, alituona."

Wakanigeukia wote wawili, yeye kwa macho yasiyoona vizuri, binti kwa macho yaliyojaa. Niliyakumbuka yale magoti. Nilikumbuka alipoinuka, damu kidogo ilikuwa imetoka kupitia kanga, na mimi ndiye niliyemfuta kwa kitambaa cha sare.

"Ulisimama, mwanangu," nilisema. "Moto ulikuwa unawaka tayari."

Alinitazama kwa muda mrefu. Alijua. Mtu hawezi kusahau jambo kama lile, na kovu alikuwa nalo. Lakini aliweka birika chini, akaja, akakaa kwenye mkeka kando ya baba yake, karibu sana, akauvuta ule ungo akaanza kuchambua korosho, mbovu na nzima akizichanganya kwa sababu machozi yalikuwa yakimtoka. Fundi akanyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akalipata bega lake, akauacha mkono hapo.

Chai yangu sikuimaliza. Niliinuka, nikachukua kanga yangu, nikashuka barazani bila kuaga, na hakuna hata mmoja wao aliyeniuliza naenda wapi.